Tovuti za usaili za kulipia, masoko ya kamisheni au kampuni za tafsiri: msanii wa sauti aweke pesa yake wapi?

Dola 499 za Marekani: hiyo ndiyo bei ambayo Voices.com, tovuti kubwa ya usaili wa sauti yenye makao London, Ontario, nchini Kanada, imekuwa ikitangaza kwa miaka kadhaa kwa uanachama wake wa Premium wa mwaka mmoja. Kwa msanii wa Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, pesa hiyo inanunua maikrofoni ya kuanzia, kadi ya sauti, stendi na mablanketi mazito ya kuua mwangwi, na chenji inabaki. Ndiyo maana swali la kama uanachama unalipa huulizwa kila siku, na majibu yanayotolewa hayamsaidii muulizaji. Mmoja atasema ni wizi kwa kuwa hakupata kazi. Mwingine atasema ni lazima kwa kuwa yeye alipata.

Uanachama unakupa haki ya kuona matangazo ya kazi na kutuma usaili, yaani rekodi fupi ya majaribio, basi. Kazi yenyewe haijaahidiwa mtu. Anayesoma Kiingereza cha Kimarekani bila doa na anayesoma Kiswahili cha Unguja hulipa ada ileile, lakini kila mmoja anaingia soko lake, na hapo ndipo hesabu zinapoachana. Hapa chini tunalinganisha njia tatu ambazo msanii wa Kiswahili anayefanya kazi kwa kujitegemea anaweza kuzitumia kweli: tovuti za usaili zenye uanachama wa kulipia, masoko ya kamisheni kama Fiverr na Upwork (mitandao ya kuuza huduma inayokata sehemu ya malipo yako), na kujisajili moja kwa moja kwa kampuni za tafsiri, studio na vituo vya utangazaji.

Vigezo vya kupimia

Kila njia tumeipima kwa mambo matano. Kwanza gharama halisi, yaani pesa pamoja na saa utakazotumia kusaka kazi ambazo hazilipwi. Pili, kazi zilizopo kwa lugha na lafudhi yako. Tatu, ushindani na namna mteja anavyochagua. Nne, malipo: yanapita njia gani na ni nani anayeyashikilia kabla hayajakufikia. Tano, haki za sauti: rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na je, inaweza kulishwa mashine ya akili mnemba?

Kuna sharti la kutimiza kabla hujachagua njia yoyote. Rekodi sekunde 30 za ukimya chumbani mwako, kisha upime kiwango cha kelele kwa programu ya bure kama Audacity. Ikiwa kelele iko juu ya desibeli hasi 60, usilipe ada ya mtu kwanza. Wahalifu wa kawaida ni feni, friji ya chumba cha pili, mvua juu ya mabati na bodaboda za barabarani. Kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme nayo huleta mvumo wa chini, na mara nyingi ukirekodi kwa betri mvumo huo hupotea. Mteja akisikia mwangwi wa ukuta ndani ya sekunde tano za mwanzo hafiki kwenye ufundi wako.

Njia ya kwanza: tovuti za usaili zenye uanachama wa kulipia

Majina yanayotajwa zaidi ni Voices.com, Voice123 na Bodalgo ya Ujerumani. Zinafanana kwa umbo: mteja anaweka tangazo, mfumo unawapelekea wanachama wanaolingana nalo, nao wanatuma usaili. Kwa upande wa pesa hazifanani.

*Gharama.* Voices.com inatoza ada ya mwaka na pia hukata sehemu yake katika kazi zinazolipwa kupitia mfumo wake. Voice123 haikati kamisheni. Yenyewe huuza ngazi za uanachama, kuanzia mamia ya dola hadi karibu dola elfu tano kwa mwaka, na ngazi ya juu hupata mialiko mingi zaidi. Bodalgo nayo haikati kamisheni. Inauza uanachama, na wasifu wa msanii hukaguliwa na mtu kabla ya kukubaliwa. Ukilinganisha ada peke yake bila kuuliza nani anakata nini baadaye, umelinganisha nusu tu ya bei.

Gharama kubwa zaidi ni muda. Tuseme usaili mmoja unakula dakika 20: kusoma maelezo ya mteja, kurekodi mara mbili, kusafisha, kupakia. Tuseme unapata kazi moja kwa kila usaili 80, na kila kazi inakuachia dola 150. Kurudisha dola 499 unahitaji kazi nne, yaani usaili 320, yaani saa 106 na ushei. Hizo ni siku 13 na ushei za kazi za saa nane, na hapo faida iliyobaki mkononi ni dola 101 tu. Badilisha namba ziendane na hali yako, lakini fanya hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kuingiza namba ya kadi.

*Kazi zilizopo.* Matangazo mengi ni ya Kiingereza, na ndani ya Kiingereza, lafudhi ya Kimarekani ndiyo inayoombwa zaidi. Kazi za Kiswahili huja mojamoja: mafunzo ya mtandaoni ya mashirika, video za afya na kilimo, sauti za kupokelea simu za benki, filamu fupi za makampuni. Pia kuna maombi ya Kiingereza cha lafudhi ya Afrika Mashariki, na hayo wasanii wengi wa kwetu huyapita kwa sababu kwenye wasifu waliandika Kiswahili peke yake.

Hapa ndipo hesabu ya mtu wa Kiswahili inapoachana na ile ya hapo juu. Kwenye Kiingereza tatizo ni umati. Kwenye Kiswahili tatizo ni idadi ya matangazo. Ikiwa tovuti inaweka kazi tatu za Kiswahili kwa mwezi, hizo ni 36 kwa mwaka, na ili upate kazi nne zinazorudisha ada, lazima ushinde moja katika kila tisa. Inawezekana, kwa sababu washindani wa Kiswahili ni wachache na wengi wao hurekodi vibaya. Ila ikiwa tovuti inaweka kazi moja kwa mwezi, itabidi ushinde moja katika kila tatu, na hapo ufundi wa aina yoyote hauokoi ada hiyo.

*Ushindani.* Mteja aliyepokea usaili mwingi hausikilizi wote. Akipata sauti inayomtosha anaacha kusikiliza, kwa hiyo aliyetuma mapema ana nafasi zaidi. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni Nairobi na Dar es Salaam wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Maana yake matangazo ya Marekani huanza kumiminika jioni na kuendelea usiku. Hilo linamfaa anayeishi mtaa wenye kelele mchana, na linamuumiza mwenye ajira ya kuamkia alfajiri.

Usaili wenyewe usizidi sekunde 30 hadi 60, hata kama skripti ni ndefu. Anza moja kwa moja na mstari wa kwanza wa skripti. Usijitambulishe kwa sauti isipokuwa mteja ameomba. Ukituma usomaji wa namna mbili, utofauti uwe wa kweli: mmoja wa kuzungumza na jirani, mwingine wa tangazo rasmi. Usomaji wa pili unaofanana na wa kwanza unamchosha msikilizaji bila faida.

Kosa linalowagharimu wanachama wapya zaidi ni kujibu kila tangazo ili ada "isipotee". Mifumo ya tovuti hizi hukupanga kwa namna wateja wanavyoupokea usaili wako. Voice123, kwa mfano, hutazama kama wateja wanakipenda unachotuma. Ukituma ovyo kwenye kazi zisizokufaa, unajishusha mwenyewe hata kwa zile chache zinazokufaa. Kumi zilizolengwa zinakujenga kuliko mia za kubahatisha.

*Malipo na haki.* Voices.com hushikilia pesa ya mteja na kuiachia baada ya kazi kukubaliwa. Kwa Voice123 na Bodalgo makubaliano ni kati yako na mteja, kwa hiyo ankara, tarehe ya kulipa na ufuatiliaji ni juu yako. Kabla ya kulipa ada, waandikie watu wa huduma kwa wateja uwaulize jambo moja: mkazi wa nchi yangu anatoa pesa kwa njia ipi? Mkenya anaweza kupokea kwa PayPal na kuhamishia M-Pesa. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa muda mrefu imekuwa ya kulipia tu, haipokei. Kugundua hilo baada ya kushinda kazi ni aibu mbele ya mteja na hasara kwako.

Kuhusu haki, tovuti hizi zina faida moja ya kweli: tangazo zuri hueleza matumizi. Litasema ni matangazo ya redio kwa wiki 13, au video ya ndani ya kampuni, au mtandao kwa mwaka mmoja. Hapo unaweza kutenganisha ada ya kurekodi na ada ya matumizi, kama desturi ya kazi hii inavyotaka. Tangazo lisilotaja matumizi kabisa, au linaloomba haki zote milele kwa bei ya kikao kimoja, lijibu kwa swali au liache lipite.

*Inamfaa nani.* Mwenye chumba tulivu na demo iliyokamilika (rekodi ya sampuli za sauti yake), anayesoma Kiingereza kinachouzika kimataifa pamoja na Kiswahili, na anayeweza kukaa kwenye maikrofoni jioni nne au tano kwa wiki kwa mwaka mzima. Haimfai anayeanza ambaye bado anajifunza kupumua kati ya sentensi. Ada ya mwaka huanza kuhesabiwa siku unapolipa, na miezi mitatu ya kujifunza ni robo ya pesa iliyokwisha.

Njia ya pili: masoko ya kamisheni

*Gharama.* Kujiunga na Fiverr ni bure, ila wao huchukua asilimia 20 ya kila unachouza. Ukiingiza dola 2,495 kwa mwaka umewalipa dola 499, yaani ada ya Premium ya Voices.com. Chini ya kiasi hicho kamisheni ni nafuu kwako kuliko ada, na juu yake mizani inaanza kugeuka, ingawa ukumbuke Voices.com nayo hukata sehemu yake kwenye kazi.

Upwork hukata asilimia inayobadilika kulingana na mkataba, na juu ya hapo huuza Connects, vitiketi vya kuombea kazi, kwa senti 15 kimoja. Ombi moja linaweza kula vitiketi kumi au zaidi, sawa na dola moja na nusu. Rudia mfano wetu wa maombi 320 na utakuta umetumia dola 480 kwenye mtandao unaoitwa wa bure. Hilo halisemwi vya kutosha.

*Kazi zilizopo.* Fiverr mteja ndiye anayekutafuta. Anaandika "Swahili voice over" na kuona orodha. Kwa lugha yenye wauzaji wachache kuliko Kiingereza, huo ni mpango mzuri: hulali ukingoja tangazo, wasifu wako unafanya kazi ukiwa umelala. Kazi nyingi ni ndogo, za dakika moja hadi tano: matangazo ya YouTube, salamu za simu, video za kampuni changa. Upwork huwa na miradi mirefu zaidi, hasa mafunzo na tafsiri iliyounganishwa na usomaji.

*Ushindani.* Bei ndiyo silaha ya wengi, na ndiyo inayowaua. Msanii huweka dola 5 kwa maneno mengi ili apate maoni ya kwanza, kisha anashindwa kupandisha kwa sababu wateja aliowavuta ni wa dola 5. Ni afadhali uanze na bei ya heshima na huduma ndogo, mfano maneno 75 ya kwanza, kisha ulipishe vya ziada kwa uwazi: kulinganisha sauti na picha, kurekebisha skripti, matumizi ya kibiashara, faili ya WAV iliyokatwa vipandevipande.

Bei ya Kiswahili inataka uangalifu wa pekee. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa, kwa hiyo skripti ya Kiingereza ya maneno 1,000 ikitafsiriwa huwa na maneno machache zaidi, ilhali kuisoma huchukua muda mrefu zaidi. Ukilipwa kwa kuhesabu maneno ya Kiswahili, unalipwa kidogo kwa kazi kubwa. Hesabu maneno ya skripti ya asili, au toza kwa dakika ya sauti iliyokamilika. Na kama sauti inapaswa kukaa ndani ya muda wa video ya Kiingereza, mwambie mteja mapema kwamba tafsiri itahitaji kupunguzwa. Ukinyamaza utalazimika kusoma mbiombio, na lawama zitakuja kwako wewe, mfasiri akiwa salama.

*Malipo na haki.* Mtandao unashika pesa kabla hujaanza, na hilo ni kinga kubwa kwa mtu asiyeweza kumshtaki mteja aliye Toronto au Dubai. Fiverr huchelewesha kuachia pesa ya muuzaji wa kawaida kwa siku 14 baada ya kazi kukamilika. Kwa wakazi wa Tanzania, Payoneer ndiyo njia inayotumika sana kupeleka pesa benki.

Udhaifu uko kwenye haki. Mei 2024 waigizaji wawili wa sauti wa Marekani, Paul Lehrman na Linnea Sage, waliishtaki kampuni ya Lovo mjini New York. Kwa mujibu wa madai yao, walipewa kazi kupitia Fiverr na watu wasiojulikana, mmoja kwa dola 1,200 na mwingine kwa dola 400, wakaambiwa rekodi ni za utafiti na majaribio, kisha wakasikia nakala za sauti zao zikiuzwa kama sauti za akili mnemba. Julai 2025 jaji aliyatupa baadhi ya madai na kuruhusu mengine yaendelee, yakiwemo ya uvunjaji wa mkataba. Kiswahili nacho kinatafutwa sana na wanaojenga mashine za kusoma. Ukiona skripti yenye mamia ya sentensi zisizohusiana, au ombi la kusoma sentensi ileile kwa furaha, kwa hasira na kwa huzuni, uliza kwa maandishi ndani ya mtandao huohuo: "Je, rekodi hii itatumika kufundisha au kutengeneza sauti ya akili mnemba?" Jibu lililoandikwa hapo linabaki kuwa ushahidi. NAVA, chama cha waigizaji wa sauti cha Marekani, kimetoa kifungu cha mkataba kuhusu akili mnemba ambacho yeyote anaweza kukisoma na kuomba kiambatishwe.

Kazi ya kufundisha mashine si haramu. Ila bei yake haiwezi kuwa ile ya kusoma tangazo moja, kwa sababu baada ya hapo mteja huenda asikuhitaji tena.

*Inamfaa nani.* Anayeanza mwenye chumba kinachokubalika na subira ya kujenga maoni ya wateja. Pia anayetaka kupima bei ya sauti yake bila kutanguliza pesa, na mwenye ajira nyingine anayeweza kujibu ujumbe ndani ya saa chache. Haimfai asiyeweza kusema hapana kwa mteja anayeomba marekebisho yasiyoisha.

Njia ya tatu: kampuni za tafsiri, studio na vituo

Njia hii haina matangazo ya kuvutia, ndiyo maana husahaulika. Kwa Kiswahili ndiyo yenye kazi za kurudia zaidi.

*Gharama.* Kujisajili ni bure. Unachotoa ni muda wa kutafuta kampuni zinazotafsiri na kutia sauti kwa lugha za Afrika, kujaza fomu zao na kufuatilia. Yeyote anayekuomba ada ili akuingize kwenye nafasi fulani ya kazi, mwache. Tovuti halali huuza uanachama, haiuzi nafasi. California ina sheria, iliyoanza kutumika 2010, inayomkataza wakala wa wasanii kutoza pesa za awali. Kanuni hiyo ni nzuri kuishi nayo hata Kariakoo au River Road.

*Kazi zilizopo.* Mafunzo ya wafanyakazi, miongozo ya afya, programu za simu, michezo, na tamthilia za kigeni zinazotiwa sauti. StarTimes ya China ilifanya shindano la kusaka sauti za Kiswahili Tanzania mwaka 2016, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Studio za Nairobi na Dar es Salaam huhitaji sauti kila wiki kwa matangazo ya redio.

Kampuni za kimataifa hutenganisha Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kwenye orodha zao, na mashirika ya misaada hutenganisha Kiswahili cha Kongo na cha pwani. Msemaji wa Kiswahili cha Bukavu au Goma asijifiche nyuma ya lafudhi ya Dar. Kuna miradi inayomtafuta yeye hasa, na washindani wake ni wachache.

*Ushindani.* Kampuni huwa na orodha fupi ya sauti kwa kila lugha, na msimamizi wa mradi huanza na anayejibu haraka. Hupambani na watu mia kwenye usaili mmoja. Unapambana kuingia kwenye orodha. Tuma barua fupi yenye lugha na lafudhi, sampuli tatu za sekunde 60 (mafunzo, tangazo, simulizi), bei kwa dakika iliyokamilika, aina ya maikrofoni, na muda unaohitaji kwa dakika 10 za sauti. Ambatisha na faili moja ghafi isiyosafishwa. Wahandisi wa sauti huithamini kwa sababu inaonyesha chumba chako kilivyo bila vipodozi.

Taja faili kwa utaratibu wanaotaka, herufi kwa herufi. Mradi wa mafunzo unaweza kuwa na faili 400, na jina moja lililokosewa huvunja mfumo wao wa kupakia. Msanii wa sauti nzuri anayechanganya majina ya faili haitwi mara ya pili.

*Malipo na haki.* Hapa ndipo panapouma. Kampuni za nje hulipa siku 30 au 60 baada ya ankara. Wakala wa matangazo wa nyumbani mara nyingi hukulipa baada ya yeye kulipwa na mteja wake, na hiyo inaweza kuwa miezi. Omba nusu ya malipo kabla ya kurekodi kwa kazi za nyumbani. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu na mapema. Mikataba ya haki ama ni mizito sana, ikidai kila kitu milele, ama haipo kabisa. Kwa tangazo la redio la nyumbani, andika kwenye ankara yenyewe: "Redio, Tanzania, miezi sita." Mstari huo mmoja ndio utakaokupa msingi wa kudai tangazo likiendelea kupigwa mwaka wa pili.

*Inamfaa nani.* Msomaji makini wa Kiswahili sanifu, anayekagua matamshi ya majina na istilahi, na anayeweza kungoja malipo. Haimfai anayehitaji pesa ya kodi ya nyumba mwezi huu.

Jaribio la mwezi mmoja kabla ya kulipa

Ingia kwenye tovuti ya usaili unayoifikiria kama mteja anayetafuta sauti. Tafuta Kiswahili. Angalia wanaotokea kwanza ni wangapi, wamesifiwa mara ngapi na wateja, na sikiliza demo zao kwa vipokea sauti vya masikioni. Kama tano za kwanza zina chumba kibaya kuliko chako, hiyo ni habari njema. Kama wote hawana sifa yoyote ya kazi iliyokamilika, huenda kazi za Kiswahili haziji hapo. Fungua akaunti ya bure na, kwa siku 30, hesabu matangazo au mialiko yoyote unayoonyeshwa inayolingana na lugha na lafudhi zako. Zidisha kwa 12, gawanya kwa idadi ya kazi unazohitaji kurudisha ada. Ukipata tisa, maana yake lazima ushinde kazi moja katika kila tisa; jiulize kama unaweza.

Jihadhari pia na mteja anayekutumia hundi kubwa kuliko bei, akikuomba umpelekee "studio" kiasi kilichozidi. Hundi hiyo itarudi haina pesa, na ulichotuma kimekwenda.

Kwa hali yako

Unaanza, na chumba bado kina mwangwi: peleka dola 499 kwenye chumba na maikrofoni, fungua Fiverr, na ujisajili kwa kampuni tano za tafsiri wakati unajenga demo.

Unasoma Kiswahili tu, chumba ni safi: anza na njia ya tatu, ongeza ya pili. Uanachama wa kulipia uuchukue pale tu jaribio la mwezi limeonyesha matangazo ya kutosha. Ukiuchukua, anza na tovuti isiyokata kamisheni na kwa ngazi ya chini.

Unasoma Kiswahili na Kiingereza cha kimataifa, na una jioni huru: uanachama wa mwaka mmoja ni dau linaloeleweka. Weka daftari la usaili, tangazo kwa tangazo, ukiandika tarehe, aina ya kazi, bei na matokeo. Baada ya miezi minne utaona aina moja inayokuita mara kwa mara; ishike hiyo.

Unaishi Marekani, Uingereza, Kanada au Ireland: una mlango wa nne, ACX ya Audible, soko la wasomaji wa vitabu vya sauti, ambayo ni bure na iko wazi kwa wakazi wa nchi hizo tu. Wao hutaka sauti yenye wastani kati ya desibeli hasi 23 na hasi 18, kilele kisichozidi hasi 3, na kelele chini ya hasi 60.

Tayari unaingiza zaidi ya dola 2,500 kwa mwaka kupitia kamisheni, na wateja wako ni walewale: ada ya tovuti isiyokata kamisheni inastahili hesabu mpya. Usiwahamishe wateja wa mtandao mmoja kwenda nje ya mtandao huo kinyume cha masharti yake, maana akaunti ikifungwa maoni yote ya wateja yanapotea nayo.

Na kwa yeyote aliyekwisha kulipa: uanachama mwingi hujihuisha wenyewe kwa kukata kadi. Weka kikumbusho wiki mbili kabla ya tarehe, fungua daftari lako la usaili, na uamue kwa namba zilizomo.